Gari la 4x4 lililofungwa gesi: dalili, vyanzo vyake, na lipi la kuliacha

Gari langu la kwanza la gesi nililikuta tayari linanguruma. Boneti ilikuwa ya moto, muuzaji ana haraka, mimi nina hamu. Nikazunguka nalo nusu saa, likavuta vizuri, nikalipa. Kesho yake asubuhi nikaliwasha likiwa baridi. Likatetemeka kama mtu mwenye homa kwa dakika mbili tatu, kisha likatulia likawa jema tena. Nikabadilisha plagi, nikasafisha nozeli, nikajiambia ni baridi tu. Miezi minne baadaye silinda moja ilikuwa na kompresheni (presha ya mbano ndani ya silinda) ya bar 5 huku nyingine tano zikiwa juu ya 11. Fundi alipofungua hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, akaniwekea kiganjani valvu ya ekzosti, mlango wa kutolea moshi. Ukingo wake ulikuwa umeliwa kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, na siti yake kwenye hedi, mahali inapokalia ikifunga, ilikuwa imezama. Mtetemo wa asubuhi ulikuwa umeshaniambia yote hayo siku ya kwanza.

Tangu hapo namwomba muuzaji jambo moja kabla sijatoka nyumbani: gari lisiwashwe mpaka nifike. Nikifika naweka mkono juu ya injini kwanza, salamu baadaye. Ikiwa ya vuguvugu, nangoja au narudi siku nyingine.

Anza na swichi

Gari lililofungwa gesi lina injini moja yenye njia mbili za kulishwa, na hilo ni faida kubwa kwa mnunuzi. Kwenye gari la petroli tupu, fundi hukisia: ni mafuta, ni moto wa plagi, au ni injini yenyewe? Hapa una swichi kwenye dashibodi. Kila dalili utakayoiona, ijaribu pande zote mbili, kwenye barabara ileile na kwa mzigo uleule.

Tatizo likitokea kwenye gesi tu, tafuta kwenye mfumo wa gesi au kwenye moto wa plagi. Likitokea kwenye petroli tu, tafuta pampu na nozeli za petroli. Likitokea kote kuwili, swichi imeshakusafishia njia: ugonjwa uko kwenye injini yenyewe au moto wake wa plagi, na hakuna kurekebisha mfumo wa gesi kutakakouponya. Muuzaji akisema "hilo ni la kuset gesi tu", badilisha kwenda petroli mbele yake, mkanyage mafuta, msikilize wote wawili.

Beba vitu vichache: chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, tochi, na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, hata kile kidogo kinachounganishwa na simu. Hakikisha tangi la petroli lina angalau robo na gesi iko kati ya robo na nusu. Nitaeleza kwa nini sipendi mtungi uliojaa siku ya majaribio.

Ni gesi gani iliyofungwa?

Kuna mbili, na hazifanani. LPG ni ile ya propani na butani, inakaa kwenye tangi ikiwa kimiminika kwa presha ya wastani, kwa kawaida chini ya bar 10. CNG ni gesi asilia iliyoshindiliwa mpaka bar 200, kwenye mitungi minene. Kwa gari la 4x4 tofauti hii huamua kama gari litakufaa kabisa.

Chukua mfano wa injini inayokunywa lita 15 za petroli kwa kilomita 100. Tangi la LPG la lita 80 hujazwa asilimia 80 tu, maana kimiminika hupanuka kikipata joto na lazima kiachiwe nafasi, kwa hiyo unapata lita 64. LPG huliwa zaidi ya petroli kwa ujazo, karibu lita 18 au 19 badala ya 15, na bado una zaidi ya kilomita 300 mbele yako. Mtungi wa chuma wa CNG wa lita 60 wenyewe una uzito unaokaribia kilo 60, na ndani yake mna takriban kilo 10 za gesi, sawa na lita 15 hivi za petroli. Hiyo ni kilomita 100. Ndiyo maana utakuta mitungi miwili au mitatu nyuma, na gari limekaa chini kwa matako. CNG nisingemshauri mtu anayekwenda mbali na vituo vya kujazia. Kwa anayezunguka karibu na kituo ni nishati safi na nzuri.

Linatetemeka dakika za mwanzo, kisha linatulia

Hii ndiyo dalili ya gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Gesi huungua ikiwa kavu. Petroli huingia kama ukungu wa matone, na matone yale hupooza na kulainisha kidogo mahali valvu inapogonga siti yake. Gesi haina hilo. Injini ambayo siti zake ni za chuma laini huanza kuliwa: kila valvu inapofunga huzama kidogo zaidi ndani ya hedi. Valvu ikizama, shina lake hupanda juu kuelekea kemshafti, ile shafti inayozifungua valvu, na nafasi ya tapeti, yaani mwanya mdogo ulioachwa kati yake na valvu, inapungua. Siku nafasi hiyo ikiisha, valvu haifungi tena sawasawa. Moto unapita kwenye upenyo kila mara silinda inapowaka, na kinachofuata ni kile kipande cha ukucha nilichokishika.

Kwa nini asubuhi? Valvu ya ekzosti hupata moto na kurefuka haraka kuliko hedi inavyopanuka. Katika dakika zile za mwanzo nafasi ya tapeti huwa ndogo kuliko wakati mwingine wowote, na silinda inavuja. Hedi ikishapata joto lake, nafasi inarudi kidogo na injini inatulia. Gari lililopashwa moto kabla hujafika limekuficha dalili hii yote.

Magari ya gesi mengi huwaka kwa petroli kwanza, kwa hiyo mtetemo huo utauona likiwa bado kwenye petroli. Hapo wengi hudanganyika: wanasema si gesi basi. Ni kweli gesi haiko kazini dakika hiyo, lakini ndiyo iliyoila ile siti.

Sasa ujue unashughulika na injini ya aina gani. Zipo zinazorekebishwa tapeti kwa vibati vya chuma vya unene tofauti, kama Toyota 1FZ-FE ya lita 4.5, 3RZ-FE ya lita 2.7 na 2UZ-FE ya V8. Hizi zina neema moja: nafasi inapimika. Fundi anafungua kifuniko cha juu, anapitisha fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia mwanya, kwenye kila valvu, na namba zinakuambia hali ilivyo bila kubomoa kitu. Ikiwa valvu za ekzosti zote zimebana kuliko kipimo cha kitabu, siti zinaliwa. Ikiwa moja tu imebana kupita wenzake, hiyo ndiyo itakayoungua kwanza.

Zipo pia zenye tapeti za mafuta zinazojirekebisha zenyewe: Toyota 2TR-FE, Jeep ya silinda sita ya lita 4.0, V8 ya zamani ya Land Rover. Hizi hazina cha kupima kwa fila geji. Tapeti hushuka taratibu kuifuata valvu inayozama, kimya, mpaka ifike mwisho wa safari yake, na siku hiyo tatizo linatokea lote kwa pamoja. Kwenye injini kama hizi nataka kipimo cha kompresheni kwa silinda zote, na bora zaidi kile cha kuingiza hewa kwenye silinda na kusikiliza inavujia wapi. Hewa ikisikika kwenye bomba la ekzosti, ni valvu ya ekzosti. Ikisikika kwenye mfuniko wa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Mapovu kwenye rejeta yanasema gasketi ya hedi.

Namba moja ya kompresheni haikuambii mengi. Linganisha silinda na silinda. Zote kuwa kwenye bar 11 ni bora kuliko tano zikiwa 13 na moja 9.

Ukikuta kichupa cha mafuta ya kulainisha siti kimefungwa kwenye boneti, mwenye gari alijua hatari. Angalia kama kichupa kina kitu. Nimefungua boneti zaidi ya moja nikakuta kimekauka na vumbi ndani. Na hata kikiwa kimejaa, hupunguza kasi ya kuliwa. Hakigeuzi siti laini kuwa ngumu.

Linamisi kwenye gesi tu, hasa likibeba mzigo

Kumisi ni silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake. Kabla hujailaumu gesi, angalia plagi. Mchanganyiko wa gesi na hewa unahitaji volti kubwa zaidi ili cheche iruke. Plagi iliyochoka au koili yenye ufa hufanya kazi kwenye petroli bila kulalamika, kisha ikaanguka kwenye gesi pale unapokanyaga kupanda kilima. Mafundi wengi wa gesi hupunguza mwanya wa plagi, kwa mfano kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, na hufupisha muda wa kubadilisha. Plagi mpya ni kitu kidogo. Ikiwa hili ndilo tatizo pekee la gari, umepata sababu ya kuzungumzia bei, tena kwa haki.

Plagi zikiwa nzuri, nenda kwenye nozeli za gesi. Zile za bei nafuu huanza kukwama. Utasikia zikigonga kwa sauti zisizolingana, na gari linatetemeka likiwa limesimama kwenye gesi lakini linatulia ukirudisha petroli. Huwa zinauzwa kama seti, na baada ya kuzibadilisha mfumo lazima usetiwe upya kwa kompyuta.

Kwenye magari ya zamani yenye mfumo wa mchanganyiko, ule usio na nozeli za gesi, manifoldi nzima, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda, hujaa gesi inayoweza kuwaka. Plagi moja ikikosea, moto unarudi nyuma na kupasua boksi la filta ya hewa. Angalia boksi hilo: likiwa limegandishwa kwa gundi au kufungwa kwa waya, gari hilo limeshalipuka, na litalipuka tena mpaka moto wa plagi utengenezwe.

Linarudi petroli lenyewe likipanda mlima

Unapanda, gari liko kwenye gesi, ghafla kinasikika kilio cha swichi na taa inageuka. Kompyuta ya gesi imeona presha imeshuka, ikakimbilia petroli ili injini isizime. Muuzaji atasema gesi imepungua. Huenda ni kweli. Lakini vyanzo ni vingi, na vingine ni vya 4x4 hasa.

Fuata urahisi kwanza. Vichujio vya gesi huziba. Kwa kawaida hubadilishwa kati ya kilomita 10,000 na 20,000, na gari lililonunuliwa mara mbili tatu huwa halina anayekumbuka. Halafu valvu ya mkono kwenye tangi: nimewahi kuikuta imefunguliwa nusu, na mwenye gari ameishi nayo hivyo mwaka mzima.

Baada ya hapo gusa regyuleta, kile kifaa kwenye boneti kinachoshusha presha ya gesi kabla haijaingia kwenye injini. LPG inapogeuka kuwa mvuke inanyonya joto, na CNG inapotoka kwenye bar 200 inapoa kwa nguvu. Ndiyo maana regyuleta hupashwa kwa maji ya injini. Ikiwa imepiga barafu nyeupe baada ya mlima, maji ya moto hayapiti vya kutosha: kulanti (maji ya kupoozea injini) imepungua, kuna hewa imenasa kwenye mipira, au thermostati imekwama wazi na injini haipati joto lake. Angalia pia jinsi mipira ilivyounganishwa. Wapo mafundi wanaoiweka regyuleta kwenye foleni moja na hita ya ndani. Ukifunga hita, umeifunga na regyuleta. Washa hita mpaka mwisho. Barafu ikiyeyuka, umepata jibu lako.

Kisha kuna kosa ambalo kwenye magari makubwa nalikuta mara nyingi: regyuleta ndogo kwenye injini kubwa. Kila regyuleta imeandikwa nguvu inayoweza kuilisha. Iliyotengenezwa kwa injini ya nguvu za farasi 150 ikifungwa kwenye V6 ya 240, mjini hutaona kitu. Kwenye tambarare hutaona kitu. Utaona pale gari linapovuta mzigo kwenye mchanga au mlima mrefu, na kabla halijarudi petroli litakuwa limeshafanya kazi kwa muda likiwa na gesi pungufu. Mchanganyiko wenye gesi pungufu chini ya mzigo unaunguza valvu. Kwa hiyo soma kibati cha regyuleta na ulinganishe na nguvu ya injini. Ikiwa haitoshi, gari hilo halijawahi kufungwa gesi ipasavyo, hata kama vifaa vyake vinang'aa.

Mwisho, mwinamo wenyewe. Tangi la LPG huvuta kimiminika kwa mrija unaofika chini. Gari likiinama sana na gesi ikiwa kidogo, kimiminika hukimbilia upande mmoja na mrija unavuta mvuke. Gari linakohoa pua ikiwa juu, na likirudi tambarare linakuwa zima. Hilo si ubovu, ni maumbile ya tangi. Lakini unataka kulijua kabla hujafika kwenye mlima wenye mawe, na ndiyo sababu napenda kujaribu gari likiwa na gesi kidogo. Mtungi uliojaa huficha hili, huficha na vichujio vilivyoanza kuziba.

Halibadiliki kwenda gesi kabisa

Mfumo wa kisasa husubiri maji ya injini yafike joto fulani, mara nyingi kati ya nyuzi 30 na 40, ndipo ubadilishe. Dakika chache ni sawa. Robo saa si sawa: tazama sensa ya joto ya regyuleta, kulanti, na zile valvu za umeme, ya kwenye tangi na ya kwenye boneti. Ukibonyeza swichi unapaswa kusikia kila moja ikigonga "tak". Kimya maana yake waya umekatika, fyuzi imeungua au koili ya valvu imekufa. Haya ni mambo ya fundi wa siku moja.

Zuri kwenye gesi, baya kwenye petroli

Wauzaji huidharau dalili hii, na mimi huiogopa kidogo. Watu wakishafunga gesi huacha tangi la petroli likae karibu tupu miaka na miaka. Pampu ya petroli imelala ndani ya tangi, na kwenye magari mengi inaendelea kuzunguka hata likiwa kwenye gesi. Petroli ndiyo inayoipooza. Bila petroli inajiunguza yenyewe. Nozeli za petroli nazo, zisipotumika, zinaganda kwa utando.

Gari likiwa na pampu iliyokufa halitawaka asubuhi, maana linahitaji petroli kuwaka. Na kwa mtu wa safari za porini, petroli ndiyo akiba yake gesi ikiisha. Endesha kilomita kumi nzima kwenye petroli, na mlima ndani yake. Muuzaji akisema "petroli hatuitumii kabisa", hiyo ndiyo sababu ya kuijaribu.

Taa ya injini haiwaki, na hilo ndilo linalokutia shaka

Fungua swichi ya gari bila kuwasha. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa au kuiziba. Chomeka kifaa chako. Alama P0300 ni kumisi kwa silinda zisizo maalum, P0171 ni mchanganyiko wenye mafuta pungufu, P0420 ni katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosti) iliyochoka, na katalisti huchoshwa na kumisi kwa muda mrefu. Ukikuta hakuna alama yoyote, lakini vipimo vya ndani vya kompyuta vinaonyesha havijakamilika, basi kumbukumbu ilifutwa hivi karibuni. Uliza kwa nini.

Kisha angalia asilimia za marekebisho ya mafuta, zile za muda mfupi na za muda mrefu. Ziandike ukiwa kwenye petroli, ziandike ukiwa kwenye gesi, kwa mwendo uleule. Petroli ikiwa karibu na sifuri na gesi ikiwa kwenye nyongeza ya 20, kompyuta inapigana na gesi iliyosetiwa vibaya au isiyotosha. Zikiwa zimeachana kwa asilimia chache tu, aliyeifunga alikuwa fundi kweli. Namba hizi mbili zimenisaidia kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa na wauzaji.

Kulanti inapungua na hakuna tone chini

Inaweza kuwa gasketi ya hedi, kama gari lolote. Kwenye gari la gesi kuna njia ya pili: regyuleta iliyopasuka ndani, ambapo maji na gesi vinakutana. Mipira ya rejeta inakuwa migumu mapema mno, na mapovu yenye harufu ya gesi yanatokea kwenye tangi la akiba la kulanti. Usifungue mfuniko injini ikiwa moto. Zuia mipira ya maji ya regyuleta, endesha kwa petroli, uone kama mapovu yanakoma. Yakikoma, ni regyuleta. Yakiendelea, ni hedi. Tofauti ya gharama kati ya mawili hayo ni kubwa, kwa hiyo usikubali kukisia.

Harufu

Gesi yenyewe haina harufu; hutiwa ili ikuonye. Ukiisikia ndani ya gari, majaribio yamesimama hapo. Fungua milango, funga valvu ya tangi, hakuna sigara, hakuna kuwasha. LPG ni nzito kuliko hewa: inashuka na kutulia kwenye sakafu, kwenye shimo la tairi la akiba, kwenye shimo la gereji. Kamwe usilikague gari la LPG linalonuka ukiwa umesimama kwenye shimo. CNG ni nyepesi, inapanda na kujikusanya chini ya paa.

Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kuanzia kwenye tangi mpaka nozeli, na usubiri kwa subira. Mwanya mdogo hautoi mapovu makubwa. Unatengeneza povu dogo jeupe linalokua polepole kama uyoga. Tangi likiwa ndani ya sehemu ya mizigo, valvu zake lazima ziwe ndani ya kikasha kisichopitisha hewa, chenye mpira unaotokea nje chini ya gari. Mpira huo ukiwa umeng'oka, harufu inaingia kwa abiria.

Lala chini yake

Hapa ndipo gari la 4x4 linapoachana na gari dogo. Tangi la LPG mara nyingi hukaa mahali pa tairi la akiba, nyuma ya ekseli. Piga magoti uangalie: je, lina mikwaruzo mirefu ya mawe? Je, lina kutu kwenye mshono, au limebonyea? Tangi lililobonyea haling'arishwi wala halipigwi rangi, linabadilishwa. Bomba la ekzosti likipita karibu, kuwe na bati la kuzuia joto. Mabomba ya gesi yawe juu ya chasisi au ubavuni mwake kwa ndani, yamefungwa kwa vishikizo. Yakining'inia chini ya chasisi, kisiki cha kwanza kitayapata.

Uliza tairi la akiba limekwenda wapi. Gari la njia mbovu lisilo na tairi la akiba ni nusu gari.

Mitungi ya CNG huongeza mzigo wa kudumu, kwa hiyo springi za nyuma hulala na shokapu hufa mapema. Pima kwa macho kutoka pembeni, gari likiwa tupu. Na angalia kompyuta ya gesi na viunganishi vyake viko urefu gani kutoka chini, kama utavuka maji. Nimeiona imefungwa chini kabisa karibu na bampa, mahali ambapo kijito cha magoti kingeizamisha.

Gia ya 4x4 yenyewe ijaribu kwenye vumbi au changarawe, si kwenye lami kavu, maana mifumo mingi haipendi kufungwa kwenye lami. Ingiza ya juu, kisha ya chini, pinda taratibu, sikiliza mlio wa kusaga. Kisha panda polepole kwa gia ya chini dakika kumi ukiwa kwenye gesi, ukiangalia geji ya joto. Huo mwendo wa kobe wenye mzigo huonyesha rejeta iliyoziba kuliko kilomita 50 za lami.

Dizeli "iliyofungwa gesi"

Dizeli haina plagi za cheche. Ikifungwa gesi, ama inaendelea kunywa dizeli pamoja na gesi, ama injini imebadilishwa kabisa kwa kuwekewa plagi na kupunguzwa mbano. Njia ya kwanza ina mantiki yake, ya pili inategemea mikono ya aliyeifanya. Kama huna fundi anayeijua hiyo injini moja hasa, liache.

Vibati na karatasi

Tangi halali lina kibati. Kwa LPG utaona alama ya kanuni ya 67R, kwa CNG 110R, na herufi E kwenye duara yenye namba ya nchi iliyoidhinisha: 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi, 20 ni Poland. Soma tarehe ya kutengenezwa. Mitungi ya CNG ina mwisho wa maisha uliowekwa, usiozidi miaka 20 chini ya kanuni hiyo, na ukaguzi wa mara kwa mara kati yake. Kibati kilichopakwa rangi mpaka hakisomeki nakihesabu kama hakipo. Cheti cha ufungaji kiwe na namba ya chasisi ya gari hilo, na kadi ya gari ionyeshe gesi ikiwa sheria ya mahali ulipo inataka, la sivyo bima inaweza kukukana siku ya ajali.

Jina la kampuni kwenye kompyuta ya gesi lina maana pia. BRC, Landi Renzo, Lovato, Prins, Stag: hizi zina vipuri na programu ambazo mafundi wengi wanazo. Boksi lisilo na jina hakuna atakayeweza kuliunganisha na kompyuta yake.

Lipi nalinunua

Nikikuta gari lenye plagi zilizochoka, vichujio vilivyoziba, nozeli mbili za gesi zinazokwama na harufu ndogo kwenye kiungo kimoja cha bomba, nalinunua, na bei nazungumza kwa orodha mkononi. Nikikuta gari linalong'aa lenye silinda moja pungufu, tangi lililobonyea, au muuzaji asiyekubali liwashwe baridi, naondoka.

Na nikishalinunua, wiki ya kwanza naliingiza kwa fundi: vichujio vyote, plagi, kulanti, na kama injini ina tapeti za vibati, kupima nafasi ya kila valvu. Namba hizo naziandika kwenye karatasi, na tarehe na kilomita juu yake, naiweka kwenye droo ya dashibodi. Baada ya kilomita 20,000 napima tena naandika chini yake. Gari ninaloliendesha sasa ni la 3RZ-FE, na karatasi yake ina mistari mitatu. Nafasi ya valvu ya ekzosti ya silinda ya tatu imepungua milimita 0.05 tangu mstari wa kwanza, nyingine hazijasogea, na kibati chembamba kwa ajili yake kiko tayari kwenye bahasha, pamoja na karatasi.